Gari la kale la Kimarekani Mbarara na Nakivale: sheria, karatasi na gharama za kulimiliki

Magari ya Kimarekani yenye injini kubwa ya V8 yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambayo kwao huitwa magari ya misuli, hutafutwa na wakusanyaji wa magari ya kale duniani kote. Mfanyabiashara wa Mbarara au wa makazi ya Nakivale anayefikiria kuweka mtaji wake katika gari la aina hiyo anapaswa kujua jambo moja kabla ya mengine yote: tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu gari la umri huo kuagizwa kutoka nje. Njia zilizobaki ni chache, na katika kila moja thamani ya gari iko zaidi katika karatasi na namba zake kuliko katika mngurumo wa injini.

Makala haya yanaeleza sheria, ukaguzi, uhamisho wa umiliki, usafirishaji na gharama za kila siku.

Mahali penyewe

Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, ipo takriban kilomita 270 kutoka Kampala. Ni njia panda ya magari yanayokwenda Katuna na Mirama Hills kuelekea Rwanda, Mpondwe kuelekea Kongo, na Kikagati kuelekea Tanzania.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, yapo wilaya ya Isingiro, kusini-mashariki mwa jiji hilo. Leo humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Biashara za Base Camp, Juru na Rubondo hutegemea sana magari yanayokwenda na kurudi Mbarara. Kwa hiyo gari huko huhesabiwa kwanza kama chombo cha kazi, kisha kama fahari.

Magari gani yanazungumziwa

Wengi huhesabu Pontiac GTO ya modeli ya 1964 kuwa gari la kwanza la aina hii: bodi ya gari la kawaida la ukubwa wa kati iliyowekwa injini kubwa ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4. Ford Mustang ilizinduliwa Aprili 1964. Zikafuata Dodge Charger (1966), Chevrolet Camaro (modeli ya 1967), Plymouth Road Runner (1968) na Dodge Challenger (1970).

Zama zake hazikuwa ndefu. Sheria ya Marekani ya hewa safi ya mwaka 1970, bima iliyopanda kwa madereva vijana na mgogoro wa mafuta wa 1973 viliyamaliza. Uchache huo ndio unaofanya yaliyobaki kuwa na bei.

Injini za Marekani za miaka hiyo hutajwa kwa inchi za ujazo. Inchi 289 ni lita 4.7, inchi 350 ni lita 5.7, na inchi 426 ni lita 7.0.

V8 ya Marekani katika barabara zetu

Magari ya namna hii yalikwisha kujaribiwa Afrika Mashariki. Mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kutoka Marekani kikosi cha Mercury Comet zenye injini ya V8. Zilikuwa na nguvu kuliko magari mengi yaliyoshindana nazo, lakini hazikukaribia ushindi. Aliyeshinda ni Peter Hughes kwa Ford Cortina GT, gari dogo lililotengenezwa Uingereza.

Katika miaka hiyohiyo Peugeot 404 ilishinda mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ndiyo sababu Peugeot zilipata jina kubwa katika nchi zetu. Nguvu ya injini peke yake haikutosha kwenye matope na mashimo, na hali hiyo haijabadilika kwa anayetoka kwenye lami ya Isingiro na kuingia barabara ya vumbi ya Nakivale.

Sheria ya umri wa gari

Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya Uganda ya mwaka 2018 yanakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Mustang ya 1967 imepita umri huo mara nyingi.

Kenya ina masharti makali zaidi: gari lililotumika linaloletwa kusajiliwa huko halipaswi kuzidi miaka 8. Hivyo kulipitisha gari la kale kupitia usajili wa Kenya si njia ya mkato.

Sheria ya Uganda ina misamaha yake, hasa kwa mitambo na matrekta. Dalali akisema kwamba gari la mkusanyaji nalo limo katika misamaha hiyo, aombwe jibu la maandishi kutoka Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) kabla ya fedha yoyote kutumwa nje. Ahadi ya mdomo haitoi gari bandarini. Gari lililokwama Mombasa au Dar es Salaam huendelea kudaiwa gharama za kuhifadhiwa kila siku, na mwisho wake huweza kuwa mnada.

Usukani wa kushoto

Magari ya Kimarekani ya zamani yana usukani upande wa kushoto. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Dereva wa gari la usukani wa kushoto anayetaka kulipita lori kwenye barabara ya Masaka hadi Mbarara haoni mbele mpaka sehemu kubwa ya gari lake iwe tayari imetoka upande wake. Huo ndio mtego mkubwa wa magari haya katika nchi zetu, na dereva mgeni asipewe gari hilo bila mtu wa kumwongoza kando yake.

Njia tatu zilizobaki

Ya kwanza ni kununua gari lililokwisha kusajiliwa Uganda kabla ya marufuku. Magari hayo ni machache na mengi yako Kampala. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza, haikufuta usajili wa magari ya kale yaliyokuwemo nchini kihalali. Kwa hiyo kadi ya gari, inayojulikana Uganda kama logibuku, ikiwa safi ni mali yenyewe: bila hiyo, bodi na injini ni spea tu.

Ya pili ni kuchukua gari la kisasa la ukoo huohuo. Kuanzia modeli ya 2015 Ford ilitengeneza Mustang yenye usukani wa kulia kutoka kiwandani, na iliuzwa Uingereza na kwingineko. Gari hilo likiwa chini ya miaka 15 linaweza kuagizwa, lakini ushuru wa forodha, kodi na tozo ya mazingira kwa magari yaliyotumika huongeza bei kwa kiasi kikubwa. Wakala wa forodha atoe hesabu kamili ya maandishi kwanza. Hali ya Dodge Challenger na Chevrolet Camaro ni tofauti: uzalishaji wake ulisimama mwishoni mwa 2023, na matoleo hayo ya mwisho hayakutengenezwa na usukani wa kulia kiwandani.

Ya tatu ni kuachana na Marekani na kutafuta gari la kale la kwetu. Land Rover Series III (1971 hadi 1985), Toyota Land Cruiser za familia ya 40 (1960 hadi 1984), Peugeot 504 iliyotoka 1968, na Mercedes-Benz W123 ya 1976 ni magari ambayo mafundi wa ukanda huu wanayafahamu. Yanavumilia barabara, na baadhi yake yana soko la wakusanyaji wa nje.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalitazami. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kulazimishwa kutimiza viwango vya usalama vya magari mapya. Uganda inafunga mlango gari likifika miaka 15. Marekani inaufungua likifika 25. Land Cruiser ya kale yenye namba zake za asili na karatasi zilizonyooka inaweza basi kuwa bidhaa ya kuuza nje.

Kukagua namba

Bei ya gari la mkusanyaji hutegemea kama injini, gia boksi na bodi ni zile zilizotoka pamoja kiwandani. Gari la kawaida lililovalishwa nembo za gari adimu huweza kuuzwa kwa bei ya adimu, na udanganyifu huo upo hata Marekani kwenyewe.

Mambo ya kuangalia ni haya:

Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ni utaratibu wa kuanzia modeli za 1981. Gari la 1968 lenye namba ya herufi na tarakimu 17 lina kasoro.

Katika Mustang za 1965 hadi 1973, alama ya tano ya namba ya chesisi hueleza injini iliyowekwa kiwandani. Ilinganishwe na injini iliyomo.

Pontiac GTO za 1966 hadi 1971 zina namba inayoanza na 242. Za 1964 na 1965 zilikuwa chaguo la ziada juu ya modeli ya LeMans, hivyo namba peke yake haithibitishi kitu.

Kwa Camaro za 1967 na 1968, namba ya chesisi hutofautisha injini ya silinda 6 na ya silinda 8 tu. Haithibitishi kuwa gari ni SS.

Ribiti za kibati cha namba zitazamwe kwa tochi. Rangi iliyokwaruzwa pembeni yake, ribiti mpya au tarakimu zisizolingana urefu ni sababu ya kusimamisha mazungumzo.

Mwisho, namba zote zilinganishwe na kadi ya gari, herufi kwa herufi. Kosa la herufi moja linaweza kukwamisha uhamisho. Mnunuzi aombe pia gari likaguliwe na polisi, ikiwemo ofisi ya Interpol ya Uganda, ili kujua kama halikuibwa.

Kukagua bodi

Sumaku ndogo ni chombo cha bei nafuu na cha uhakika. Ipitishwe kwenye matope ya magurudumu, chini ya milango na pembe za nyuma. Inapokosa kushika, chini ya rangi kuna fila, na chini ya fila mara nyingi kuna kutu. Zulia linyanyuliwe ili sakafu ionekane. Injini huweza kufunguliwa na kutengenezwa Mbarara; sakafu iliyooza ya gari lisilo na spea katika nchi hii ni kazi ya miezi.

Karatasi na uhamisho wa umiliki

Waswahili husema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa gari la kale usemi huo ni wa kuchukuliwa neno kwa neno.

Katika macho ya sheria, mwenye gari ni yule aliyeandikwa katika daftari la serikali. Mkataba wa mauzo ulioandikwa mbele ya shahidi unasaidia, lakini hauchukui nafasi ya uhamisho. Muuzaji na mnunuzi wanapaswa kusaini fomu za uhamisho, kuambatanisha vitambulisho na namba zao za mlipakodi (TIN) na kulipa ada. Sehemu ya mwisho ya fedha isitolewe kabla ya hatua hiyo kukamilika.

Kwa wakazi wa Nakivale, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya kumiliki mali inayohamishika kama wageni wengine walioko nchini kihalali. Mkimbizi anaweza kuwa na gari kwa jina lake. Hata hivyo wapo wanaoandikisha gari kwa jina la rafiki mwenyeji ili kukwepa usumbufu. Urafiki ukivunjika, au rafiki akifariki, aliyetoa fedha hana karatasi ya kumtetea, na warithi hawana wajibu wa kuyaamini maneno ya jirani.

Hatari nyingine ni mauzo ya haraka. Familia inayopata nafasi ya kuhamia nchi ya tatu huuza kila kitu katika siku chache, gari likiwemo. Mnunuzi hufurahia bei, lakini kama uhamisho haukufanywa kabla ya safari, saini ya muuzaji imeondoka naye. Kwa muuzaji hatari iko upande wa pili. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Waliokwisha kuuza mali zao walibaki bila mali na bila safari. Ni busara gari liuzwe mwishoni, kwa bei ya soko, uhamisho ukiwa tayari kwenye meza.

Magari yenye namba za kigeni

Mara kwa mara hutokea gari la kale lenye namba za Kongo au za nchi nyingine likauzwa kwa bei ya chini upande wa Uganda. Gari lililoingia kwa kibali cha muda linapaswa kurudi lilikotoka. Likiuzwa bila kulipiwa ushuru, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu likamatwe, na anayekutwa nalo ndiye anayehojiwa.

Kwa gari lililopita miaka 15 tatizo ni kubwa zaidi. Hata mnunuzi akiwa tayari kulipa ushuru wote, marufuku ya 2018 inamfungia mlango wa usajili. Amenunua kitu ambacho hawezi kukiendesha wala kukiuza kihalali.

Hali ni hiyohiyo kwa gari linalopita kwenda Rwanda, Burundi au Kongo. Likiwa chini ya ulinzi wa forodha halipaswi kushushwa Mbarara kwa mnunuzi wa njiani. Msafirishaji anayekubali jambo hilo huweka lori na leseni yake hatarini pamoja na mzigo.

Kwa wasafirishaji

Gari la mkusanyaji hubebwa, haliendeshwi kutoka Kampala. Kabla ya kupakia lipigwe picha pande zote, pamoja na namba na kilomita zilizosomeka, na pande zote mbili zisaini karatasi ya hali ya gari.

Mikanda ifungwe kwenye ekseli au kwenye magurudumu, si kwenye bampa za chuma kilichong'arishwa. Pua ya magari haya ni ndefu na iko chini, hivyo ngazi fupi ya kupakilia huivunja. Mbao ndefu zitumike kupunguza mwinamo. Betri itolewe waya na tangi liachiwe petroli kidogo tu. Turubai lisiguse rangi moja kwa moja, kwani vumbi chini yake husugua kama msasa.

Bima ya mzigo iandikwe kwa thamani iliyokubaliwa. Gari la 1969 likiorodheshwa kama gari kuukuu tu, fidia nayo itakuwa ya gari kuukuu.

Gharama za kila siku

Mafuta. Gari la V8 la zama hizo hutumia lita 20 au zaidi kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 60 kwenda na 60 kurudi ni lita 24. Mara moja kwa wiki ni lita 1,248 kwa mwaka. Pikapu ya dizeli inayotumia lita 10 kwa kilomita 100 itatumia lita 624, na itarudi na magunia ya maharage.

Mwinuko. Mbarara ipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, yaani karibu asilimia 14 hapa. Kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani humwaga petroli nyingi mno, gari likatoa moshi mweusi na plagi zikajaa masizi. Fundi abadilishe jeti za kabureta kwanza, kabla ya kulaumu injini.

Petroli. Injini hizi zilibuniwa kwa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Viti vya valvu ambavyo havijabadilishwa kuwa vya chuma kigumu huchakaa kwenye safari ndefu za mwendo mkali. Muuzaji aulizwe kama kazi hiyo imefanyika.

Vifaa. Gereji nyingi zina spana za milimita kwa ajili ya Toyota. Boliti za gari la Kimarekani la miaka hiyo ni za inchi. Spana isiyolingana hula kichwa cha boliti, na boliti hiyo haipatikani dukani. Mwenye gari anunue seti yake ya spana za inchi na aiache kwa fundi.

Barabara. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Desemba, barabara za udongo huharibika. Gari liwekwe juu ya mawe au stendi chini ya paa, betri ikichajiwa na injini ikiwashwa mara kwa mara.

Bima. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria Uganda. Anayevuka mpaka kwenda Rwanda, Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania anahitaji pia Kadi ya Njano ya COMESA.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi awe na majibu ya maandishi kwa maswali haya. Je, gari limesajiliwa Uganda, na kwa jina la nani? Je, namba ya chesisi, ya injini na ya kadi zinalingana? Je, polisi wamethibitisha kuwa halikuibwa? Je, muuzaji yupo na yuko tayari kusaini uhamisho siku ya malipo? Je, bima itakubali thamani iliyotajwa? Na je, mtaji wa duka utabaki umesimama baada ya fedha hizo kutoka?

Likikosekana jibu moja kati ya matano ya kwanza, bei haijalishi. Likikosekana la mwisho, gari lisubiri. Pikapu inunuliwe kwanza.